Sanamu za Wanafunzi Nje ya Kiwanja cha Ndege Tabora: Mwongozo Kamili, Toka Barua ya Kwanza Hadi Siku ya Kuzing'oa

Mwalimu wa sanaa akipata wazo la kupeleka kazi za wanafunzi kiwanjani, kwa kawaida huanzia karakana. Miezi mitatu baadaye sanamu iko tayari: ina mita tatu na ushee, imebandikwa vipande vya vioo, tumbo lake ni pipa tupu la lita 200, na miguu yake miwili ni myembamba kama mihogo ya mwaka wa njaa. Meneja wa kiwanja anaizunguka mara moja na kuikataa. Hana kosa. Kioo kinammulika rubani, ndani ya pipa mtu anaweza kuficha kitu, na miguu ile haitavuka mvua za Novemba.

Kwa hiyo hapa mpangilio umegeuzwa: kiwanja kwanza, kisha udongo, kisha sanamu. Vipimo vyote ni vya sanamu isiyozidi mita 2.5 kwenda juu, kwa maonyesho ya mwaka mmoja hadi mitatu. Idadi inayofaa kwa kiwanja cha mkoa ni kazi tatu hadi tano. Shule zikipeleka kumi na tano, mahali panakuwa kama gereji, na hakuna mwenye nguvu ya kuzitunza zote.

## Barua kabla ya patasi

Viwanja vya ndege vya serikali huendeshwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania (TAA), na anayesimamia usalama wa anga ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Shule haina haja ya kuandika kote. Barua moja iende kwa meneja wa kiwanja, ipitie kwa mkuu wa shule, nakala kwa afisa elimu sekondari na afisa utamaduni wa manispaa. Meneja ndiye atakayejua nini anaweza kuamua mwenyewe na nini apeleke juu.

Barua inayojibiwa haraka ina kurasa mbili na viambatisho vitatu. Kurasa zieleze idadi ya sanamu, urefu na uzito wa kila moja, zimetengenezwa kwa nini, zitakaa muda gani, nani atazihudumia na nani ataziondoa. Viambatisho ni mchoro wa mahali uliopimwa kwa futikamba, picha za vielelezo vidogo, na ukurasa mmoja wa hesabu ya msingi. Kielelezo kidogo kiwe cha kipimo cha moja kwa kumi: sanamu ya mita 2 iwe na sentimita 20. Kitengenezwe kwa waya na udongo wa mfinyanzi, kisha kipulizwe, kisukumwe na kutikiswa juu ya meza. Mahali kitakapokatikia kikiwa kidogo, mara nyingi ndipo sanamu kubwa nayo itakapokatikia.

Kibali kikipatikana, andikeni makubaliano hata kama mnajuana. Yaseme sanamu ni mali ya nani wakati inaonyeshwa, ikigongwa na gari analipa nani, na kiwanja kikitaka kujenga mahali hapo shule ipewe notisi ya siku ngapi. Siku 30 ni kiasi cha haki. Yaseme pia kuhusu hakimiliki: chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, aliyebuni kazi ya sanaa ana haki ya kutajwa. Mwanafunzi akiwa hajatimiza miaka 18, mzazi au mlezi atie saini.

## Kiwanja kinakataa nini

Kanuni za viwanja vya ndege duniani zinatoka kwenye Kiambatisho cha 14 cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO). Msanii hahitaji kukisoma chote, ila ayajue mambo manne.

La kwanza ni urefu. Kando ya njia ya kurukia ndege kuna ukanda ulio wazi, na toka ukingo wa ukanda huo huhesabiwa mteremko wa kufikirika unaopanda mita 1 kwa kila mita 7 unapokwenda pembeni, kwa njia kubwa za kurukia. Kitu hakitakiwi kuutoboa. Sanamu ya mita 2.5 mbele ya jengo la abiria haiukaribii kamwe, na hapo ndipo watu hujisahau: kinachoweza kuutoboa ni winchi au kreni ya kuisimamishia. Andikeni urefu wa mtambo wa kunyanyulia kwenye barua ileile, na saa utakapotumika.

La pili ni mwanga. Hakuna vioo, kromu, wala bati la alumini lililong'arishwa. Hakuna taa inayotazama juu, inayomwekamweka, wala ya rangi nyekundu, kijani au buluu, kwa sababu taa za kiwanja zina lugha yake na rubani anaisoma akiwa hewani. Kama lazima sanamu imulikwe usiku, taa iwe nyeupe yenye kivuli, itazame chini.

La tatu ni vitu vinavyobanduka. Kipande cha plastiki au kifuniko cha chupa kikipeperuka hadi maegesho ya ndege, kinaweza kunyonywa na injini au kugongwa na rafadha. Ndiyo maana sanamu za chupa za maji, ambazo shule nyingi huzipenda kwa sababu ni bure, hazifai hapa. Jua la Tabora huifanya plastiki ile iwe kavu kama ganda la karanga ndani ya misimu miwili, na ikianza kupukutika haina mwisho.

La nne ni ndege wenye manyoya. Mkono wa sanamu ulionyooka mlalo ni tawi. Kunguru, mwewe na yangeyange watautumia, na kiwanja kinatumia jasho jingi kuwafukuza hao. Inamisheni kila sehemu ya mlalo angalau nyuzi 45, au ifanyeni nyembamba isikanyagike. Kila kilicho kama bakuli kitobolewe chini tundu la milimita 10. Maji yaliyotuama yanawaalika ndege, na yanazaa mbu.

Ongezeni la walinzi: pasiwe na uwazi wa kuficha begi, wala pembe ambayo mlinzi aliye mlangoni hawezi kuona nyuma yake.

## Mahali pa kuisimamisha

Sanamu zote ziwe upande wa nje, yaani upande ambao msindikizaji hufika bila kukaguliwa. Mahali pazuri ni kati ya maegesho ya magari na mlango wa jengo la abiria, lakini pembeni mwa njia ya miguu. Ndege aina ya Dash 8 Q400 ya Shirika la Ndege Tanzania (ATCL) ina viti 76. Ikitua, watu hao wote, mabegi yao, wapokezi wao na madereva wa bodaboda hukutana katika eneo hilohilo kwa robo saa. Acheni njia yenye upana wa mita 2 isiyoguswa na kitu. Toka barabara ya magari achieni mita 2.5, toka uzio mita 3, na msizibe kamera wala alama za zimamoto.

Simameni mahali hapo mkiwa na simu na mpige picha kama atakavyopiga abiria. Nyuma ya sanamu kunaonekana nini? Kama ni mlango wa ukaguzi au maegesho ya ndege, geuzeni sanamu. Upigaji picha katika viwanja vyetu ni jambo la kuombea ruhusa, na sanamu inayowavuta watu kupiga picha ya eneo la ulinzi itaondolewa kabla ya vumbi kutulia.

Kabla ya kuweka alama ya kuchimba, mtu wa umeme na mtu wa maji wa kiwanja waje wasimame juu ya eneo. Kuna nyaya za taa, za mawasiliano na mabomba ambayo hayamo kwenye ramani yoyote mtakayopewa. Chimbeni kwa jembe na sepetu. Sururu itumike kwenye sentimita 20 za kwanza tu.

## Kalenda

Mvua za Tabora huanza Novemba na kwisha Aprili, kwa kawaida. Kidato cha nne wanafanya mtihani wa taifa Novemba. Mambo haya mawili ndiyo yanayopanga mwaka. Barua iende Januari. Vielelezo vidogo na kibali viishe Machi. Kazi ya karakana ifanyike Aprili hadi Julai. Msingi umwagwe Juni au mwanzoni mwa Julai, ardhi ikiwa kavu na wanafunzi wako likizo, kwa kuwa zege halihitaji darasa zima. Sanamu isimame Agosti. Hapo mtakuwa na wiki kadhaa za kurekebisha kabla ya dhoruba za mwanzo wa masika, ambazo huja na upepo mkali kuliko mvua yenyewe.

Anayemwaga msingi Desemba shimo likiwa na maji anajipa kazi mara mbili.

## Sanamu itengenezwe kwa nini

Kwanza suala la mada, kwa ufupi. Wanafunzi watapendekeza ndege. Kiwanja kina ndege tayari. Watapendekeza Mtemi Mirambo, au Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora. Sura ya mtu anayejulikana ni mtihani mgumu hata kwa mchongaji mzoefu, na ikikosewa inakuwa kichekesho cha mkoa kwa miaka mitatu. Unyamwezi una mambo mengi yanayokubali umbo kubwa na rahisi: kiti cha mtemi chenye mgongo mrefu, ngoma, jani la tumbaku, embe, reli, mzinga wa nyuki. Kuhusu mzinga, tutarudi.

Mbao. Mninga ni chaguo la kwanza: kiini chake kinastahimili mchwa na mvua, na kinachongeka vizuri kwa tezo na patasi. Ile sehemu nyeupe ya nje haistahimili chochote, itolewe yote. Gogo la mita 2 lenye kipenyo cha sentimita 40 likikauka lina kama kilo 160. Tatizo kubwa la gogo zima ni kupasuka. Nje hukauka na kusinyaa kabla ya ndani, ufa unafunguka toka moyo wa gogo hadi nje, na kama unapita kwenye uso wa sanamu hakuna gundi itakayoufunika. Dawa ni kuuondoa moyo: pasueni gogo mbali na moyo wake, au chimbeni mgongo wa sanamu uwe na mfereji, ili mbao ibaki na unene wa sentimita 10 hadi 12 kila upande. Mfereji huo uwe wazi wote, usiwe pango.

Ncha za gogo zipakwe rangi au nta siku ileile linapokatwa. Likae kivulini, juu ya vipande vya mbao, lisiguse ardhi. Ukinunua, dai risiti na kibali cha kusafirishia mazao ya misitu kinachotolewa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Gogo la mninga lisilo na karatasi likikamatwa njiani, linaondoka na ratiba yenu. Umaliziaji uwe mafuta ya kitani, mikono mitatu, mkono mmoja kila baada ya siku mbili. Oili chafu ya gari ni rahisi na inazuia mchwa kwa muda, lakini itabaki kwenye kanzu ya msafiri atakayeegemea.

Saruji juu ya waya. Hii ndiyo njia ya shule isiyo na pesa nyingi. Mifupa ni nondo za milimita 8 au 10 zilizofungwa kwa waya, juu yake tabaka mbili au tatu za waya wa kuku, kisha mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga mbili, unene milimita 25. Mchanga uchekechwe. Maji yawe machache kiasi kwamba ukifinyanga donge mkononi linashikamana bila kuchuruzika. Kazi yote ya sehemu moja imalizwe siku moja, ifunikwe magunia yaliyolowa, inyweshwe asubuhi na jioni kwa siku saba. Nyufa ndogo kama utando wa buibui hutokana na jua la siku ya kwanza, karibu kila mara. Michirizi ya kutu inatokana na waya ulio karibu mno na uso. Pasipungue milimita 8 za saruji juu yake.

Uzito ndio unaowashangaza watu. Kila mita ya mraba ya ngozi hiyo ina kilo 60. Sanamu yenye eneo la mita 6 za mraba ni kilo 360 kabla hujahesabu nondo. Guta halitaibeba.

Chuma. Kinaenda haraka, na mafundi wa kuchomelea wapo. Ngozi iwe ya bati la milimita 2 au 3. Bati la milimita 3 la futi 4 kwa 8 lina kilo 70. Bati la kuezekea la geji 30 halifiki nusu milimita: linapigapiga upepo ukivuma, linakatika kwenye misumari, na ukingo wake ni wembe. Mabomba na bati zenye zinki zisichomelewe ndani ya chumba; moshi wake huleta homa na kutetemeka usiku. Sageni zinki kwa grainda sentimita 5 kuzunguka mahali pa kuchomelea, mkiwa nje, upepo ukipita.

Vyuma chakavu vina uzuri wake, na Tabora ni mji wa reli, kwa hiyo kishawishi kipo. Msinunue kipande chochote cha reli, bolti za reli, alama za barabarani wala waya wa umeme bila hati ya mwenye mali. Kuonyesha mali ya umma iliyoibwa mbele ya jengo la serikali ni ujasiri usiohitajika.

Rangi: kutu na mafuta vitoke kabisa kwa brashi ya waya na msasa, mikono miwili ya praima nyekundu, mikono miwili ya rangi ya mafuta. Lita moja hufunika kama mita 8 za mraba kwa mkono mmoja, hivyo sanamu ya mita 6 za mraba inataka lita 2 za praima na lita 2 za rangi, pamoja na za kupotea. Chagueni rangi zilizofifia, zisizomeremeta. Chuma cheusi mchana wa Oktoba kinaunguza kiganja cha mtoto.

## Nyuki

Mkoa huu unajulikana kwa asali, na kundi la nyuki linalohama halitofautishi mzinga wa mfugaji na tumbo la sanamu. Linatafuta pango kavu, lenye giza, la ukubwa wa ndoo mbili hivi, lenye mlango mdogo. Hiyo ni tafsiri kamili ya sanamu ya chuma yenye uwazi ndani na tundu la kutolea maji. Likiingia asubuhi, jioni limeshaanza masega. Nyuki wetu ni wakali, na sanamu iko mita chache toka foleni ya abiria. Wanafunzi wakitengeneza mfano wa mzinga, basi mfano huo utapata wenyeji wake halisi, na kila mtu Tabora atacheka isipokuwa meneja.

Fanyeni hivi. Kila uwazi ama uwe wazi kabisa, mwanga upite, ama uzibwe kwa kuchomelea mshono usio na pengo. Matundu ya kutolea maji yabaki, lakini yafunikwe kwa waya wenye vitundu visivyozidi milimita 3, uliobanwa kwa skrubu kutokea ndani au kuchomelewa pembeni. Nyuki mtenda kazi hupenya penye milimita 5, hata 4 na kidogo. Ndiyo sababu wavu wa mbu wa chuma unafaa na wavu wa kuku haufai. Kagueni kwa tochi usiku: mtu mmoja amulike ndani kupitia tundu la chini, wengine watazame nje. Penye mstari wa mwanga pana mlango.

Wakishaingia, hakuna kumwaga petroli wala kuchoma matairi. Zungushieni kamba mita 10, mpigieni mfugaji nyuki, naye aje usiku na kifukizo na mzinga mtupu. Masega yote yatolewe, pango lioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kisha lizibwe. Harufu ya nta ikibaki, kundi lingine litakuja.

Nyigu ni jambo dogo. Wanajenga kwenye kona zilizofunikwa juu. Fagio refu kila mwezi linatosha.

## Msingi, kwa hesabu

Sanamu nyingi zinazoanguka hazivunjiki. Zinang'oka na msingi wake, kama jino. Hesabu ya kuzuia hilo inafanywa kwa kalamu na karatasi.

Chukulieni kwamba kila mita ya mraba ya sanamu inayotazama upepo inasukumwa kwa nguvu sawa na kilo 100. Kiasi hicho ni cha dhoruba ya mita 35 kwa sekunde, yaani kama kilomita 126 kwa saa. Sanamu ya mita 2 kwa sentimita 80 ina mita 1.6 za mraba, kwa hiyo msukumo ni kilo 160. Unasukuma katikati ya sanamu, mita 1 juu ya msingi. Msingi una kina cha nusu mita, hivyo toka chini kabisa ni mita 1.5. Zidisheni: 160 mara 1.5 ni 240. Hiyo ni nguvu ya kuangusha.

Sasa nguvu ya kushikilia. Zege lina kilo 2,400 kwa mita ya ujazo. Msingi wa mita 1 kwa mita 1 kwa nusu mita ni kilo 1,200. Zidisheni kwa nusu ya upana wake: 1,200 mara 0.5 ni 600. Gawanyeni 600 kwa 240, mnapata 2.5. Jibu likiwa 2 au zaidi, mko salama. Uzito wa sanamu yenyewe na udongo wa pembeni hatukuuhesabu; uwe akiba.

Fundi atawaambia sentimita 60 kwa 60 zinatosha. Jaribuni: msingi huo una kilo 432, mara 0.3 ni 130. Hazifiki 240. Umeanguka.

Udongo nao useme. Penye kichanga chekundu kigumu, shimo la sentimita 45 linatosha, msingi ukitokeza sentimita 5 juu ya ardhi. Penye udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi hadi kidole kinaingia, msingi utapanda na kushuka kila masika na sanamu italala upande. Hapo chimbeni sentimita 30 zaidi, jazeni moramu, mkishindilia kila sentimita 15.

Vifaa vya msingi mmoja wa mita 1 kwa 1 kwa 0.5:

- saruji, mifuko minne ya kilo 50 (itatumika mitatu na nusu)
- mchanga, toroli nne. Kokoto, toroli nane
- nondo ya milimita 12, moja ya mita 12, ikatwe vipande kumi vya sentimita 90
- bolti za milimita 16, nne, urefu sentimita 40, zilizokunjwa chini. Nati 12 na washa 8
- bamba la chuma la milimita 10, sentimita 30 kwa 30, matundu manne ya milimita 18 yaliyoachana sentimita 22
- kipande cha plaiwudi chenye matundu yaleyale

Kipimo cha zege ni moja, mbili, nne. Kwa ndoo ya lita 20: mfuko mmoja wa saruji, ndoo tatu na nusu za mchanga, saba za kokoto, na maji yasiyozidi lita 27. Mchanga ukiwa umelowa, punguzeni maji. Zege linalomiminika kama uji ni rahisi kumwaga, na ndilo linalopasuka.

Nondo zifungwe tano kwa tano kama wavu, ziwekwe juu ya vipande vya zege vya sentimita 5, kamwe zisilale kwenye udongo. Bolti zishikwe na plaiwudi juu ya shimo, zitokeze sentimita 8, nyuzi zake zimefungwa mfuko wa plastiki. Plaiwudi ndiyo siri ya kazi hii. Bolti iliyosogea sentimita moja wakati wa kumwaga inamaanisha tundu halitaingia, na fundi ataichoma moto kuipinda, na pale ilipopindwa ndipo itakapokatikia. Pimeni tena kwa futikamba zege likiwa bado bichi. Uso wa juu uteremke kidogo toka katikati, maji yakimbie. Nyweshesheni siku saba. Msisimamishe kitu kabla ya siku 14.

Sanamu ya mbao haikai juu ya zege moja kwa moja. Inavaa kiatu cha chuma: mikono miwili ya chuma bapa cha milimita 8 inayopanda sentimita 40 pande zote mbili, ikipitiwa na bolti mbili za milimita 16, na chini ya mbao pabaki wazi sentimita 10. Mchwa bado anaweza kujenga mfereji wake wa udongo juu ya zege na chuma, lakini sasa ataonekana, na akionekana ni rahisi kumfuta.

## Siku ya kuisimamisha

Chagueni saa isiyo na ndege, mkithibitisha asubuhi hiyohiyo kwa sababu ratiba hubadilika. Hadi kilo 160, watu wanane wenye kamba mbili wanaweza. Zaidi ya hapo tumieni nguzo tatu na winchi ya mnyororo ya tani 1. Wanafunzi wakae mbali kwa umbali wa urefu wa sanamu mara mbili; kubeba si sehemu ya somo.

Nati moja iwe imeshafungwa chini kwenye kila bolti. Shusheni bamba juu yake, pimeni kwa timazi pande mbili, sahihisheni kwa spana namba 24, kisha washa na nati mbili juu. Pengo la milimita 25 chini ya bamba lijazwe saruji moja kwa mchanga mbili, kavu kiasi, isukumwe kwa kijiti, mkiacha mfereji mdogo wa kutolea maji. Nati ya juu ipigwe nukta ya kuchomelea. Nati isiyochomelewa huuzwa.

Kisha mjaribu. Watu wazima wawili waning'inie sehemu ya juu kabisa. Kama meneja anaogopa kutazama, vizuri, lakini watoto watafanya hivyo bila kumwuliza. Pitisheni kitambaa chepesi juu ya kila ukingo ulio chini ya mita 2, kikinasa, msasa. Pasiwe na nafasi kati ya sentimita 9 na 23, maana hapo kichwa cha mtoto huingia na kisitoke.

## Kibao

Jina la kazi, jina la kwanza la mwanafunzi, shule, mwaka, nyenzo, na sentensi mbili za maelezo. Kiswahili kwa herufi kubwa, Kiingereza chini yake. Herufi ya sentimita 1 husomeka vizuri umbali wa mita 3. Kibao cha alumini au shaba kitaishia kwenye mizani ya mnunuzi wa chakavu. Andikeni kwenye bamba la saruji lililochorwa likiwa bichi, au kigae kilichochomwa. Namba ya simu ya shule iwepo, ili mlinzi atakayeona kasoro ajue pa kupiga.

## Matunzo na kuondoa

Mtu mmoja apewe daftari. Kila wiki anaizunguka sanamu kwa dakika tano: nati, nyuki, mchwa, kinyesi cha ndege, kitu kinacholegea. Kila Mei, mvua zikiisha, chuma kinasuguliwa penye kutu na kupakwa rangi siku hiyohiyo, mbao inapata mkono mmoja wa mafuta. Bajeti hii iandikwe toka mwanzo. Shule nyingi hutumia fedha zote kwenye uzinduzi na keki.

Muda ukiisha, kateni bolti kwa grainda, sentimita 3 chini ya uso wa zege baada ya kuchimbua kuzizunguka, na zibeni matundu. Kama maonyesho mengine yanakuja, acheni bolti, zipakwe grisi na kufunikwa boksi la chuma lenye rangi ya njano, mtu asijikwae. Kwa hiyo bamba la sanamu ijayo litobolewe kwa plaiwudi ileile. Iandikeni tarehe, na muihifadhi ofisini kwa mwalimu wa sanaa.